Mahali Patupu Kando ya Jabari: Malindi, Songea na Mwanga wa Februari 28, 1997

Kila ifikapo Februari 27, Songea hujaa wageni. Wanakuja Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Ngoma zinapigwa, hotuba zinasomwa, sisi waandishi wa habari tunakimbizana na vinasa sauti vyetu, na jioni watu wanarudi makwao na matope kwenye viatu, maana huo ni msimu wa mvua.

Usiku wa siku hiyo, kama mawingu yamefunguka, toka nje mnamo saa mbili. Tazama juu kabisa, kaskazini kidogo. Utaona nyota tatu zimejipanga mstari mmoja. Huo ni mkanda wa Jabari, ambaye Wazungu wanamwita Orion. Kutoka kwenye mkanda panda kuelekea kaskazini mpaka kwenye bega lake la magharibi, nyota iitwayo Bellatrix. Endelea mbele tena mpaka ukutane na nyota yenye wekundu. Hiyo ni Aldebaran. Sasa tazama katikati ya hizo mbili.

Hakuna kitu, siyo? Giza tupu. Leo nataka kuwasimulia habari za hapo patupu, kwa sababu ni habari ya historia na inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Alfajiri ya Ijumaa, Februari 28, 1997, saa kumi na moja na dakika 58 kwa saa zetu, mji wa Songea ukiwa bado unapangusa macho baada ya kumbukumbu ya jana yake, miale mikali ya gama iliifikia dunia ikitokea mahali pale. Kwa sekunde 80 hivi ilimulika, kisha ikazima. Sisi huku tusingeweza kuiona hata tungetaka. Kwanza, miale ya gama haionekani kwa macho na hewa ya dunia huizuia. Pili, saa ile Jabari alikuwa chini ya miguu yetu, upande wa pili wa dunia.

Lakini ilipozima iliacha kitu nyuma yake. Wanaastronomia wanakiita mng'ao wa baadaye, yaani nuru inayobaki baada ya mlipuko wenyewe kwisha, kama kaa linalobaki jekundu baada ya ndimi za moto kuzimika. Kaa hilo ndilo lililotegua kitendawili kilichowasumbua wataalamu kwa miaka 30. Na habari za kwanza za mlipuko ule zilishuka duniani kupitia Malindi, Kenya.

Ndiyo, Malindi ile ya watalii na samaki. Haya, tuanze mwanzo.

Kitendawili kilianza na ujasusi

Mwaka 1963 Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza walitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, majini na katika anga za juu. Kama ilivyo kawaida ya wakubwa, kusaini ni jambo moja na kuaminiana ni jambo jingine. Wamarekani wakarusha setilaiti zilizoitwa Vela, kazi yake ikiwa kuwachungulia Warusi wasije wakalipua bomu kwa siri nyuma ya mwezi. Bomu la nyuklia hutoa miale ya gama, kwa hiyo setilaiti zile zilifungwa vifaa vya kuinasa.

Julai 2, 1967 vifaa vile vilinasa miale. Kwetu huo ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha. Lakini miale ile haikufanana na ya bomu, na mlipuko haukutoka duniani, wala kwenye jua. Ray Klebesadel, Ian Strong na Roy Olson wa maabara ya Los Alamos walikusanya matukio mengine ya aina hiyo, na mwaka 1973 wakautangazia ulimwengu kwamba kuna milipuko ya ajabu inayotoka kusikojulikana.

Kusikojulikana ndilo neno lenyewe. Vifaa vya wakati ule viliweza kukuambia kwamba mlipuko umetokea, lakini visikuonyeshe mahali hasa. Ni sawa na mtu anayesikia mlio wa bunduki usiku akiwa kitandani: anajua umelia, ila hawezi kusema kama ni Bombambili au Lizaboni. Na usipojua umbali, hujui nguvu. Kibatari kilicho karibu na taa kubwa ya uwanja wa mpira iliyo mbali vinaweza kulingana machoni.

Basi kila mtaalamu akaja na lake. Zilitungwa nadharia zaidi ya 100. Mwaka 1991 Wamarekani walirusha setilaiti kubwa ya Compton, ambayo hadi inamaliza kazi yake ilihesabu milipuko 2,704. Ilionyesha kwamba inatoka pande zote za anga sawasawa, bila kulundikana kwenye Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu. Hiyo ilikuwa dalili nzuri kwamba inatoka mbali sana, lakini dalili siyo ushahidi. Aprili 1995 magwiji wawili walipanda jukwaani mjini Washington. Bohdan Paczyński akasema milipuko iko mbali, nje kabisa ya galaksi yetu. Donald Lamb akasema iko jirani, katika ukingo wa galaksi hii hii. Watu wakasikiliza, wakapiga makofi, wakaondoka bila jibu.

Kilichohitajika ni kulikuta kaa kabla halijawa jivu. Ukiipata nuru ya kawaida ya mlipuko, unaweza kuielekezea darubini, ukajua iko wapi na umbali gani. Tatizo lilikuwa muda. Mlipuko unakwisha ndani ya sekunde au dakika, na haubishi hodi.

Malindi inaingiaje?

Hapa turudi nyuma tena. Miaka ya sitini profesa mmoja wa Kiitaliano, Luigi Broglio, alikuwa akitafuta mahali pa kurushia roketi karibu na mstari wa ikweta. Dunia inapojizungusha, ikweta ndiyo inayokwenda kasi zaidi, kwa hiyo roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Aliupata ufukwe wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Waitaliano wakasimamisha majukwaa ya chuma baharini kama yale ya kuchimbia mafuta, na Aprili 26, 1967 wakarusha setilaiti yao ya San Marco 2 kutoka pale. Angalia mwaka huo: miezi miwili tu baadaye ndipo Vela ziliponasa mlipuko wake wa kwanza.

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka pale pale setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku ile na wenyeji, ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo hivyo, Uhuru, kwa Kiswahili. Iko kwenye vitabu vyote vya astronomia, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi yake ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nimewauliza vijana wenzangu kadhaa waliosoma fizikia mpaka kidato cha sita kama waliwahi kusikia habari hiyo. Wote walicheka, wakidhani nawatania.

Urushaji wa setilaiti kutoka baharini ulikoma mwaka 1988. Madishi ya nchi kavu yakabaki na kazi.

Aprili 30, 1996 Waitaliano wakishirikiana na Waholanzi walirusha setilaiti ya BeppoSAX. Safari hii roketi ilitoka Cape Canaveral, Marekani, lakini njia ya setilaiti ilichaguliwa ipite juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 600 hivi. Kila baada ya dakika kama 97 ilikuwa imeizunguka dunia, na kila mzunguko ilipita juu ya Malindi. Huko ndiko ilikoshusha mzigo. Kwa dakika kumi hivi za kupita, dishi la Malindi lilipokea kila kilichorekodiwa tangu mzunguko uliopita, kisha data zikarushwa kwenda Italia. Amri kutoka Roma nazo zilipanda kwa njia hiyo hiyo. Takriban mara 15 kwa siku, mchana na usiku, Krismasi na Idi.

Nikapiga hesabu ndogo. Songea na Malindi vimeachana kama kilomita 1,000 kwa njia ya ndege. Setilaiti iliyo kimo kile inaonekana kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Maana yake kila ilipokuwa ikizungumza na Malindi ilikuwa pia juu ya upeo wetu, upande wa kaskazini. Ilitupitia miaka sita mizima na hatukuwa na habari.

Siku 45, saa 16, saa 8

BeppoSAX ilikuwa na vifaa vya aina tatu. Kimoja kilisikia mlipuko wa gama. Kamera mbili zenye kuona eneo pana zilisema mlipuko uko sehemu gani ya anga, kama tu ungetokea ndani ya eneo lao. Kisha zilikuwepo darubini za eksirei zenye kuona eneo dogo lakini kwa undani. Ili darubini hizo zitazame mahali husika, ilibidi setilaiti nzima igeuzwe. Na ili igeuzwe, ilibidi data zishuke Malindi, zifike Roma, watu wazisome, wabishane, waamue, kisha amri ipande tena kupitia Malindi.

Mara ya kwanza walichelewa vibaya. Mlipuko wa Julai 20, 1996 waligundua kwenye kumbukumbu kwamba kamera iliuona, na walipogeuza setilaiti siku 45 zilikuwa zimepita. Hawakukuta kitu. Mara ya pili, Januari 11, 1997, walijitahidi na kufika baada ya saa 16. Hawakukuta kitu cha kuaminika.

Mara ya tatu ndiyo ile alfajiri ya Februari 28. Safari hii baada ya saa 8 darubini za eksirei zilikuwa zimeelekea pale patupu, na hapakuwa patupu. Palikuwa na kitu kinang'aa. Walipotazama tena Machi 3 kilikuwa kimefifia kama mara 20. Nyota ya kawaida haifanyi hivyo. Walikuwa wamekuta kaa, na lilikuwa linazima.

Msomaji wangu, tazama namba zile tena: siku 45, saa 16, saa 8. Mitambo ilikuwa ile ile, na setilaiti na dishi la Malindi havikubadilika. Kilichobadilika ni wepesi wa watu. Walijifunza kwamba kitu kinachofifia hakina subira, wakajipanga upya, wakawahi.

Usiku wa Jumamosi, kisiwani La Palma

Taarifa ya mahali pa mlipuko ilifika Amsterdam, Uholanzi, kwa kundi la Profesa Jan van Paradijs. Wanafunzi wake wawili wa udaktari, Paul Groot na Titus Galama, ndio waliohangaika kupata darubini. Iliyopatikana ni William Herschel, yenye kioo cha upana wa mita 4.2, iliyoko La Palma katika Visiwa vya Kanari. Picha ikapigwa saa 21 hivi baada ya mlipuko. Kwa saa zetu ilikuwa saa nane na dakika 48, usiku wa kuamkia Jumamosi, Machi 1.

Picha moja haitoshi. Imejaa vidoti na hujui kipi ni kipi. Ilibidi wasubiri wapige nyingine na kulinganisha. Machi 8 wakapata picha za pili. Wakaziweka pamoja, na kidoti kimoja kilichokuwepo kwenye picha za kwanza hakikuwepo tena kwenye za pili. Ndicho chenyewe. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa ameutambua mng'ao wa baadaye wa mlipuko wa gama katika nuru ya kawaida, ile ile tunayoonea kwa macho.

Siyo kwamba wewe na mimi tungeuona. Usiku ule wa kwanza tayari ulikuwa hafifu zaidi ya mara milioni moja kuliko nyota dhaifu kabisa ambayo jicho lenye afya linaweza kuiona kwenye giza la kijijini. Na ulikuwa unashuka kwa mpangilio ambao baadaye ulionekana kwa milipuko mingi: mwanga unapungua kwa takriban kiwango kile kile muda unavyoongezeka. Ukiwa na kiasi fulani siku ya kwanza, siku ya pili una nusu hivi, na siku ya kumi una sehemu moja ya kumi au pungufu. Hasara kubwa iko mwanzoni. Ndiyo maana saa moja ya leo ina thamani kuliko siku nzima ya wiki ijayo.

Kwa nini unafifia hivyo? Mlipuko unarusha mata kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Mata hiyo inagonga gesi iliyotapakaa kuizunguka, inaipasha, na elektroni zilizonaswa kwenye sumaku ya fujo ile zinatoa nuru. Kadiri mata inavyokokota gesi nyingi zaidi ndivyo inavyopunguza mwendo, mithili ya mtumbwi ulioingia kwenye magugu maji. Kwanza inang'aa kwa eksirei, kisha kwa nuru ya kawaida, mwishoni yanabaki mawimbi ya redio tu, na hayo yanaweza kusikika hata miezi.

Sasa rudi Songea. Nilipiga hesabu ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Jioni ile ya Ijumaa, Februari 28, 1997, jua lilipozama saa moja, Jabari alikuwa karibu na utosi wetu. Zilikuwa zimepita saa 13 tangu mlipuko. Kwa hiyo mwanga ule, ukiwa mkali zaidi kuliko ulivyopigwa picha La Palma, ulikuwa unashuka moja kwa moja juu ya mji huu: juu ya mabati ya Mfaranyaki, juu ya miti ya Matogoro, juu ya uwanja wa Mahenge uliokuwa bado na nyayo za watu wa jana. Kama mawingu yaliruhusu, uliendelea kushuka mpaka saa saba za usiku, mahali pale palipozama magharibi. Karibu saa mbili baadaye ndipo La Palma walipopiga picha yao.

Nuru hiyo ilikuwa imesafiri zaidi ya miaka bilioni 6. Ilianza safari kabla jua letu halijakuwepo. Ikatufikia jioni moja ya Ijumaa, watu wakiwa wanapika ugali.

Mei ikamaliza ubishi

Mtu mkaidi bado angeweza kubisha baada ya Februari. Darubini ya Hubble iliona kitu kama galaksi hafifu mahali pale, lakini umbali wake haukupimwa mapema. Jibu la mwisho lililetwa na mlipuko mwingine, wa Mei 8, 1997, ulionaswa na BeppoSAX ile ile, yenye dishi lile lile la Malindi. Safari hii watu walikuwa tayari. Mark Metzger na wenzake walitumia darubini kubwa ya Keck huko Hawaii, wakaichambua nuru kabla haijazima, na kukuta alama zinazothibitisha kwamba ilikuwa imesafiri miaka bilioni kadhaa. Paczyński alikuwa sahihi. Milipuko ile iko mbali mno, na kwa hiyo ina nguvu kupita chochote kilichowahi kufikiriwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2003 ilithibitika kwamba milipuko mirefu inatokana na kufa kwa nyota kubwa sana. Agosti 17, 2017 ikathibitika kwamba mifupi inaweza kutokana na nyota mbili za nyutroni kugongana, na safari hii nuru ya mgongano ilipatikana ndani ya saa 11 ikaonekana ikibadilika kutoka bluu kuwa nyekundu siku baada ya siku. Machi 19, 2008 mlipuko mmoja uling'aa kiasi kwamba kwa nusu dakika hivi mtu angeweza kuuona kwa macho matupu, ingawa nuru yake ilikuwa imesafiri miaka bilioni 7 na zaidi. Kwetu ilikuwa saa tatu na dakika 12 asubuhi, jua limeshawaka. Bahati haikuwa yetu.

BeppoSAX ilizimwa Aprili 30, 2002 na mwaka uliofuata ikaanguka katika Bahari ya Pasifiki. Novemba 2004 Wamarekani walirusha Swift, iliyotengenezwa kutokana na somo lile la kuwahi: inageuka yenyewe kuelekea mlipuko bila kungoja amri, kwa dakika moja au mbili. Na kituo chake cha kushushia data kikawa kipi? Malindi tena.

Nani anasimulia?

Najua kuna mdau atakayesema: sasa sisi hapo tumefanya nini? Dishi la Waitaliano, setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi, darubini iko Kanari. Tusijipe sifa zisizo zetu.

Nakubaliana naye nusu. Sitaandika kwamba Waafrika Mashariki waligundua mng'ao wa baadaye, kwa sababu si kweli, na mwandishi anayetia chumvi anaharibu hata ile kweli aliyokuwa nayo. Wakati huo Malindi ilikuwa kituo cha wageni kwenye ardhi ya Kenya, na kwa miaka mingi suala la Wakenya wananufaikaje lilikuwa la mvutano hadi mkataba mpya uliposainiwa mwaka 2016.

Lakini kuna kosa la upande wa pili pia, nalo ndilo tumelizoea. Simulizi nyingi za ugunduzi huu zinataja Roma, Amsterdam na La Palma. Malindi ikitajwa inakuwa mstari mmoja, kama jina la stesheni ambayo treni haikusimama. Hakuna habari inayoruka kutoka angani hadi Roma bila mtu kuhakikisha umeme upo, dishi limeelekea panapotakiwa na laini iko hewani, tena alfajiri ya Ijumaa. Waliokuwa zamu pwani ile siku ile walikuwa sehemu ya zile saa 8. Ni nani hao? Waliambiwa kilichopita mikononi mwao? Walirudi nyumbani wakawaambia nini watoto wao?

Nikifikiria hilo narudi Mahenge. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wa historia vijijini kuwasikiliza wazee waliokuwa hai wakati wa Vita vya Majimaji. Miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki walikuwa wakongwe. Wanafunzi wale waliandika walichokikuta. Kabla ya hapo tulichokuwa nacho zaidi ni maandishi ya Wajerumani na wamisionari, yaani upande mmoja. Wangengoja miaka 20 mingine wangekuta makaburi. Walilikuta kaa likiwa bado na wekundu kidogo.

Tangu Februari 1997 hadi leo haijafika hata miaka 40. Aliyekuwa fundi kijana wakati ule leo ni mstaafu anayekunywa kahawa kibarazani. Bado yupo wa kuulizwa. Ni kazi ya nauli ya basi, kinasa sauti na uvumilivu, na ni kazi ya waandishi wa huku kwetu, maana wa kule wameshaandika upande wao, na wameuandika vizuri. Mimi nimeanza kuweka akiba ya nauli.

Profesa van Paradijs alifariki Novemba 1999, miaka miwili na miezi kadhaa baada ya ugunduzi ule. Mashahidi wa mambo haya nao wanafifia, na kama ilivyo kwa nuru ile, hasara kubwa ni ya siku za mwanzo.

Basi Februari 27 ijayo, ukitoka Mahenge na mawingu yakikupa nafasi, tafuta lile bega la Jabari na ile nyota nyekundu. Tazama katikati. Hutaona kitu, lakini sasa unajua kilichopita hapo.

Naomba kuwasilisha.